Kwa madogo wanaoanza kutembeza wageni hapa Malindi

Nyie mnaoingia kwa hii kazi sasa, kitu cha kwanza nawaomba, acheni kuahidi watu simba. Najua mgeni anataka Tsavo Mashariki, aingie geti ya Sala asubuhi aone simba, chui, ndovu na nyati, jioni arudi ale samaki. Ukimwitikia ndio ndio kila kitu, basi siku nzima mnafukuzana na redio, mkifika magari yamejaa, simba kalala nyuma ya kichaka, mtu anapiga picha ya sikio mnaondoka. Nawasikiza sana wageni tukiwa njiani kurudi, na wanachoongea ni yule mnyama tuliyekaa naye.

Kwa hivyo kaa. Ukikuta ndovu wanakunywa maji mto Galana zima injini, usiseme kitu kwanza, halafu waeleze mbona ni wekundu, ule ni udongo wa Tsavo wanajimwagia kujikinga na jua na wadudu. Waonyeshe mama anavyosogea akamweka mtoto upande wa pili, mbali na gari. Mtu akishaona hilo moja anaanza kutafuta mengine mwenyewe, na maswali yake yanabadilika, haulizi tena chui yuko wapi.

Baharini ndio mimi hunipa uchungu zaidi. Hifadhi yetu imelindwa tangu 1968, ni kati ya za mwanzo Afrika, na bado kuna mtu anabeba mkate kwenye boti! Ukirusha mkate samaki watakuja wengi kweli, lakini mgeni anaona vurugu tu, na samaki anayezoea mkate anaacha chakula chake cha kwenye mwamba. Mpeleke mgeni taratibu mpaka alipo yule samaki pono, mwambie atulie kichwa ndani ya maji asikilize, atasikia kru kru kru, pono anatafuna mwamba kwa lile domo lake gumu anakula mwani, kisha anatoa mchanga nyuma kama moshi. Mwambie sehemu ya mchanga mweupe anaoukanyaga ufuoni imetoka hapo. Mimi sijaona mgeni akasikia hiyo asiinue kichwa akaita mwenzake.

Arabuko-Sokoke wengi mnaipita tu kwa gari, ati msitu hauna wanyama. Nendeni alfajiri kwa miguu, msiongee, sikilizeni majani makavu. Yule sange, kamnyama kadogo kenye pua ndefu, mwenye matako ya njano, ambaye hapa pwani yetu ndio kwao na hutampata kwingine duniani, anafukua majani kwa hiyo pua akitafuta wadudu, na mara nyingi kuna kandege kanamfuata nyuma kaokote wanaoruka. Akishtuka anapiga mkia chini kisha anatimka, njano hiyoo imepotea. Ni sekunde chache, ndio maana lazima mgeni awe ameshaambiwa atazame nini kabla.

Halafu jueni maji. Boti ya kioo chini wakati maji yamejaa ni hasara, matumbawe yako mbali chini, ngojeni yakipwa. Na upepo wa kusi ukivuma bahari imechafuka mwambie mgeni ukweli kabla hajalipa, mpeleke msituni au hori ya Mida kwenye mikoko, pesa ya boti utaipata siku nyingine.