Niliahidi laki 5 kwenye mkesha, sasa naambiwa nimefungwa

SWALI: Shalom mchungaji. Kwenye mkesha niliweka nadhiri nikipata kazi natoa laki 5. Kazi nimepata ila mshahara mdogo na nalea watoto wa marehemu kaka. Mtumishi mmoja kaniambia nina laana, nimtumie laki 2 aivunje hiyo nadhiri. Nifanyeje?

JIBU: Shalom dada. Hiyo laki 2 usiitume kabisa.

Nadhiri yako ni deni kweli, hapo sikufichi, Kumbukumbu la Torati 23 inasema ukiweka usikawie kuiondoa, yaani kuitimiza. Ila kuna Walawi 27, ambayo mikeshani hamsomewi. Mle kuna viwango vya mtu aliyewekwa nadhiri, mwanaume wa miaka 20 mpaka 60 shekeli 50 za fedha, mwanamke 30, halafu aya ya 8 inasema aliye maskini kuliko hesabu hiyo asimamishwe mbele ya kuhani naye amkadirie kwa uwezo wake. Yaani kuhani anashusha! Kwa hiyo kaa na mchungaji wako unayemwamini, mwambie mshahara ni huu na watoto ni hawa, mpange hata elfu kumi kumi kwa mwezi, na watoto wasilale njaa.

Sasa hili la kuvunja nadhiri kwa hela ndo linaniumiza maana kila baada ya mikesha naletewa watu wamekamuliwa hivyo hivyo. Someni Hesabu 30. Wanaoruhusiwa kutangua ni baba kwa binti aliye bado nyumbani kwake na mume kwa mkewe, tena siku ile ile aliposikia, na hakuna malipo yaliyotajwa. Nabii wa kwenye simu hayumo.

Halafu mwangalieni Hana, yule mama aliyeweka nadhiri akiomba mtoto, 1 Samweli 1. Midomo inacheza, sauti haitoki, kuhani Eli akadhani kalewa, ina maana kuhani mzima hakujua hata mama wa watu anaahidi nini. Leo mtu kashika maiki, wa milioni simama, wa laki 5 simama, muziki unapigwa, watu wanalia, unajikuta umesimama na hela huna, na wiki mbili mbele unauziwa maombi ya kufunguliwa. Hiyo ni biashara na jina la Mungu limebandikwa juu.

Kumbukumbu 23 hiyo hiyo, aya ya 22, inasema usipoweka nadhiri si dhambi. Kwa hiyo mkesha ujao ukiambiwa simama utaje kiasi, wewe kaa.