Ndege wa Naivasha mwisho wa Septemba: mmeuliza, najibu

*Tumelipia banda kando ya ziwa wikendi ya mwisho ya Septemba. Ndege wa Ulaya watakuwa wamefika ama tumewahi?*

Mko sawa kabisa. Huko kwao baridi inaanza kuingia, wadudu wanapungua, so wanashuka huku. Chekehukwa ndio wanatangulia, wengine toka Agosti washafika, utawaona ukingoni wakitikisa mkia bila kupumzika. Mbayuwayu nao wanaingia, na keremkerem wa Ulaya (wale wala nyuki) wanapita juu sana, mara nyingi utawasikia kwanza ndio uwaone. Ila msitegemee rangi kali, wengi nguo za harusi (manyoya ya msimu wa kuzaliana) walishavua, wamevaa za safari.

*Darubini ya 8x42 ama 10x42?*

8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwenye boti hiyo ya 10 picha inatetemeka mpaka kichwa kinauma.

*Mwenye boti anasema tukiongeza pesa kidogo atamwita furukombe (yule tai mla samaki) aje achukue samaki tupige picha. Kuna ubaya?*

Hiyo biashara iko kila siku pale, samaki anachomekwa kipande cha bua la mafunjo ili aelee, mluzi unapigwa, furukombe anatoka juu ya mti na kushuka mbele yenu. Picha inatoka moto, sikatai. Lakini mimi siipendi, kwa sababu huyo ndege anabaki na mabua ya kuchambua na anazoea kungoja boti badala ya kuwinda, na kusema kweli hamhitaji, furukombe Naivasha wamejaa. Mwambieni awapeleke asubuhi mapema kwenye ile migunga iliyokufa imesimama majini (ziwa lilipanda likaimeza), azime injini, mkae tu. Hapo kuna mnandi wanaanika mabawa, mdiria mweusi na mweupe anaelea hewani kabla ya kujitupa, na furukombe akiwa na njaa atashuka mwenyewe. Ile pesa ya ziada mpeni bado, ya muda wake.

*Watoto wanataka kutoka na tochi usiku waone kiboko wakila nyasi.*

Hapana bana. Waangalie dirishani ama kwenye veranda. Kiboko akishatoka majini hataki mtu akae kati yake na ziwa, na mbio hamumuwezi. Mkitaka kwenda kula, iteni askari awasindikize.

*Na flamingo?*

Naivasha yenyewe ni maji baridi yasiyo na chumvi, si kwao. Wanapendaga Oloidien, kaziwa kadogo upande wa kusini magharibi, lakini maji yakipanda kanaungana na ziwa kubwa, chumvi inapungua na chakula chao kinapotea, so ulizeni wenyeji kabla ya kulipa boti. Wakisema hakuna, shikeni barabara ya Nakuru mpitie ziwa Elementaita.