Noah yangu inachemsha mlimani: niiuze?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah ya zamani, SR40 ya mwaka 1999, niliyoinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika. Nachukua samaki Feri, Mtwara, nauza Newala na Masasi, na siku za harusi inabeba ukoo mzima. Sasa nikirudi kutoka Masasi na magunia ya mahindi, mlima wa kuingia Newala unaichemsha. Fundi aling'oa themostati (valvu inayopitisha maji injini ikipata joto), ikatulia, kisha imeanza tena. Kaka yangu anasema pesa za korosho zikiingia niiuze, ninunue zile Noah zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2001. Hii yangu dashibodi inasoma kilomita 140,000 tu. Unanishaurije?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiiuze kwanza.

Hiyo 140,000 isikupe furaha. Namba ya dashibodi hurudishwa nyuma kama saa ya ukutani. Tafuta stika ya Kijapani inayoonyesha kilomita za matengenezo, kwenye fremu ya mlango wa dereva au karibu na injini. Maandishi hutayajua, lakini tarakimu zao ni hizi hizi zetu. Mkanda wa taiming (unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni) wa injini yako ya 3S hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama huoni ushahidi wowote, hesabu kwamba haujaguswa. Ukikatika, kwa injini hiyo kwa kawaida valvu hazigongi pistoni, gari linazima tu. Lakini kuzimikiwa na gari Nanyamba, jua la saa saba, samaki ndani! Mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, basi vibadilishwe pamoja.

Na kwenye njia hiyo ya maji ndipo kuchemsha kunapoanzia. Injini yako iko chini ya viti vya mbele, rejeta iko mbele kabisa, katikati yapo mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu. Mtu akimimina maji na kufunga kifuniko, hewa inabaki imenaswa humo, na injini inachemka huku rejeta imejaa. Mwambie fundi atoe hewa: injini ikiwa ya baridi, kifuniko wazi, hita ya ndani ifunguliwe hadi mwisho, awashe na kuongeza kulanti (maji maalumu ya rejeta) taratibu mpaka mapovu yaishe. Mapovu yasipokwisha kabisa, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na silinda. Themostati irudishwe. Kuing'oa kunaficha ugonjwa, injini inachelewa kupata joto lake na inakunywa mafuta bure. Na maji ya kisima cha pwani yenye chumvi usiyatie humo. Tia kulanti. Najua huku hakuna baridi ya kugandisha maji, lakini kulanti huzuia kutu pia.

Kwa kaka yako, salamu. Noah za kuanzia mwishoni mwa 2001 zina mnyororo badala ya mkanda, hilo zuri. Ila nyingi zina injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa kuzisafisha, masizi yanajijenga, na pampu yake ya presha kubwa si kitu cha kukarabatiwa chini ya mwembe. Halafu zile za kawaida zinavutwa na tairi za mbele. Jaza magunia nyuma, panda mchanga wa vijijini Tandahimba, uone pua inavyokuwa nyepesi. Yako inasukumwa na tairi za nyuma, mzigo unaisaidia.

Kinachoweza kunifanya nikuambie uza ni kimoja: samaki. Maji ya barafu na chumvi yanapenya chini ya kapeti. Inua kapeti yote, gonga sakafu kwa bisibisi, hasa kwenye kizingiti cha mlango wa kusukuma na sehemu za kushikia springi za nyuma. Bisibisi ikizama hapo kwenye springi, usitie hata shilingi ya mkanda. Uza pesa za korosho zikiingia. Ikigonga chuma kizima, ng'oa kapeti, paka rangi ya kuzuia kutu, tandika turubai chini ya matenga, na kila ukishusha samaki mwaga maji yasiyo na chumvi sakafuni na chini ya gari.