Refa wa watoto, linda kwanza vichwa vyao

Nachezesha mechi za watoto chini ya miaka 15 hapa Morogoro, na kila msimu naona marefa wapya wanaofika uwanjani mpira ukikaribia kuanza. Ndugu zangu, wahini. Shika nguzo za goli uzitikise kwa nguvu, kwa sababu goli la mabomba ambalo halikuchimbiwa linaweza kumwangukia mtoto akining'inia kwenye mtambaa wa panya. Pita golini ukiangalia chini. Nimewahi kukuta nondo imechomoza kidogo tu juu ya nyasi, pale pale kipa anapojirusha.

Kisha kagua watoto. Vikinga ugoko ni lazima. Hereni na bangili zivuliwe, kuzifunika kwa plasta hakukubaliki. Hijabu haina tatizo. Radi ikianza kunguruma, wote waingie ndani ya jengo, siyo chini ya mwembe, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kinachoninyima raha zaidi ni kichwa. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa dakika ya 17, akaendelea kucheza. Baadaye akamwendea refa Nicola Rizzoli na kumuuliza kama ile ndiyo fainali. Rizzoli akamweleza Schweinsteiger, mchezaji mwenzake Kramer, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Timu nzima ya madaktari ilikuwepo, lakini refa ndiye aliyesikia swali lile. Sisi kwetu huwa kuna ndoo ya maji na kocha anayetaka kushinda.

Kwa hiyo vichwa vikigongana, piga filimbi papo hapo, hata kama mshambuliaji amebaki yeye na kipa. Usimuulize mtoto kama yuko sawa. Atasema yuko sawa, anaogopa kupoteza namba. Muulize tuko kipindi gani, nani kafunga goli la mwisho, mechi iliyopita walicheza na nani. Mtazame machoni anapojibu. Akibabaika, akiyumba, akitapika au akisema kichwa kinauma, anatoka na siku hiyo harudi. Shingo ikimuuma, asiinuliwe wala kuburutwa mpaka apatikane mtu mwenye ujuzi. Mwaka 2011 huko Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa kichwani kwenye mechi ya raga ya shule, akaachwa aendelee, akagongwa tena. Alifariki. Ubongo uliotikisika hauvumilii pigo la pili.

Makocha wote wawili waambie kabla ya mechi, wakiwa pamoja: mtoto nikimtoa kwa ajili ya kichwa, hakuna mjadala. Ukisubiri mpaka timu zimefungana goli 1-1, utaonekana una upande.

Na mechi ikiisha, usimwache mtoto huyo arudi nyumbani peke yake wala kupanda baiskeli. Mtafute mzazi au mlezi, umweleze wewe mwenyewe: akitapika mara kwa mara, akichanganya maneno au akiwa mgumu kuamka usiku, apelekwe hospitali usiku huo huo.