Igeuze, Tazama Mgongo Wake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Umejaliwa fedha ya kununua bangili ya tenisi, ile ya mstari mmoja wa almasi. Utaangalia nini kwanza usije ukauziwa kitu hafifu?" Najua wengi watakimbilia ukubwa wa mawe. Mimi nimesimama miaka mingi kwenye kaunta ya duka la sonara hapa Tanga mjini, na ninachomwambia kila mteja ni kuanza na upande usiong'aa. Igeuze bangili utazame mgongo wake.

Sababu ni kwamba bangili inaishi mkononi, na mkono hautulii. Unakuna nazi, unafua, unabeba mtoto, unashika bomba la daladala. Kipuli kinaning'inia salama sikioni, lakini bangili inagongwa kutwa nzima, na ina mawe hamsini au zaidi, kila moja na kiungo chake. Kiungo kimoja kikiachia, yote iko chini. Hata jina la tenisi lilienea kwa mkasa wa namna hiyo: mchezaji wa Marekani, Chris Evert, alidondokwa na bangili yake ya almasi uwanjani kwenye mashindano ya US Open, akaanza kuitafuta.

Sasa tazama mgongoni. Nyuma ya kila jiwe pawe na tundu wazi, nadhifu, lisilo na mabaki ya kuchomelea. Tundu hilo linapitisha mwanga, na ndipo unaposafishia mafuta na sabuni zinazoganda chini ya jiwe na kulifubaza. Kisha shika ncha moja, iache bangili ining'inie. Inyooke yenyewe. Ikijisokota ubavu, viungo vimelegea au vimetengenezwa vyembamba mno. Halafu pitisha mtandio wa shifoni juu ya mawe, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Uzi ukinasa, kuna kucha, yaani kijino cha dhahabu kinachoshika jiwe, iliyonyanyuka, na jiwe lake liko njiani kuondoka. Napenda kucha nne kwa kila jiwe, kwa sababu moja ikivunjika zinabaki tatu za kushikilia. Kwa mtu wa kazi nyingi za mikono, bora zaidi jiwe lililozungushiwa ukingo wa dhahabu pande zote, ingawa mng'ao wa pembeni unapungua kidogo.

Kufuli nalo lisikupite. Ulimi wake uingie kwa nguvu kidogo na usikie "ta!". Juu yake pawe na kitanzi cha usalama, kimoja au viwili, kinachobana hata ulimi ukichomoka. Ifunge na kuifungua mara kadhaa palepale dukani, na muuzaji akinuna, mwache anune.

Kwenye dhahabu ndipo watu wetu wanapobishana nami. Tanga tumezoea dhahabu ya karati 22, ile yenye muhuri wa 916, na bibi harusi akivishwa pungufu ya hapo shangazi zake wananong'ona. Kwa bangili nzima ya dhahabu sina neno. Lakini kwa kushika almasi, karati 22 ni laini: kucha zinapinda upesi na viungo vinalika vikisuguana. Chukua karati 18, muhuri wake 750, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu na zinazobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Karati 14, yenye muhuri wa 585, ni ngumu zaidi, nayo haina aibu yoyote.

Mama mmoja wa Makorora aliwahi kuniletea bangili aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Muscat.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hii. Imeandikwa 750, mwanangu hakuibiwa kweli?"

Nikamweleza habari ya muhuri, akatulia. Nikailaza bangili kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, mbali na taa kali za duka, karibu na dirisha. Mawe karibu yote yalikuwa meupe ya aina moja. Matatu yaliyo jirani na kufuli yalikuwa na umanjano kama chai ya maziwa. Ukiivaa huyaoni, yanakaa chini ya kifundo cha mkono, na ndiyo maana yaliwekwa pale. Dhahabu ilikuwa halali na almasi halali, ila mwanawe alilipia mawe yanayolingana akapewa yasiyolingana. Mama alinitazama kwa muda, akasema, "Nitamwambia awaulize." Na alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwa hiyo mstari wa almasi unapimwa kwa kulingana kuliko kwa ubora wa jiwe moja. Rangi ya almasi hupangwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi kabisa hadi Z yenye umanjano au ukahawia mwepesi. Kwa dhahabu nyeupe tafuta G au H. Kwa dhahabu ya njano hata I na J zinapendeza, mradi zote ziwe familia moja. Usafi wa ndani usikugharimu sana: kwa mawe madogo, daraja la VS (dosari ndogo sana) au SI (dosari ndogo) ambayo macho hayaoni doa inatosha. Fedha yako iende kwenye mkato, kwa sababu mkato ndio unaorudisha mwanga. Mawe ya bei rahisi huwa na nyuso 17 au 18 tu, wakati mkato kamili una 57 au 58.

Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2. Ukiambiwa bangili ina karati 5, huo ni uzito wa mawe yote. Yakiwa 50, kila moja ni 0.10, upana wa milimita 3 hivi. Usikubali kulipishwa kana kwamba ni jiwe moja la karati 5, ambalo ni adimu na bei yake ni ya mbali kabisa.

Wateja huniuliza, mbona Mwadui iko Shinyanga, nchini kwetu, na bei haishuki? Almasi ya Mwadui inauzwa ghafi, inakwenda kukatwa nje. Mawe madogo ya bangili kama hizi mengi hukatwa Surat, India, kisha yanarudi yakiwa yamepitia mikono mingi.

Siku hizi kuna almasi zinazokuzwa maabara. Ni almasi kweli, kaboni ileile na ugumu uleule, ila bei yake ni ndogo sana na imezidi kushuka. Kalamu ya kupimia iliyopo madukani haiwezi kuzitenganisha na za mgodini, na moisanaiti, jiwe jingine la kutengenezwa linalofanana na almasi, nayo inaweza kuidanganya baadhi ya kalamu hizo. Kwa hiyo dai maandishi. Risiti ya EFD ieleze kama mawe ni ya asili au ya maabara, uzito wa jumla, rangi, usafi, karati ya dhahabu na uzito wa bangili nzima. Muuzaji anayesema kila kitu kwa mdomo na hataki kuandika, mshukuru uondoke.

Mtu akikupa bangili ya mstari ya tanzanaiti badala yake, ijue ni nzuri kwa sherehe tu. Jiwe hilo ni laini mno kwa mkono wa kila siku.

Na ukishainunua, usiivae mkono mmoja na bangili zako za dhahabu. Almasi inakwangua dhahabu, inakwangua hata almasi mwenzake. Siku ya harusi weka bangili za dhahabu mkono wa kulia, tenisi ikae kushoto peke yake, na kila mwaka mpelekee sonara akaze kucha.