Kwa Mnaoanza Kuitetea Mikoko kwa Sheria

Vijana wengi wanaotujia wakitoka kusoma sheria wana hamu ya kuipeleka mikoko mahkamani kwa jina lake yenyewe. Hamu hiyo naipenda na nataka idumu, ndiyo maana nasema mapema: sheria za Zanzibar bado hazijautambua msitu kuwa mwenye haki. Ecuador iliandika haki za maumbile, yaani za mazingira ya asili yenyewe, katika katiba yake ya 2008, na mwaka 2021 Mahkama yao ya Katiba ikatamka kwamba mikoko ni mwenye haki. Uganda nayo imeziweka katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Mazingira ya 2019. Mbele ya jaji wetu hayo yanashawishi tu, hayamfungi. Tulicho nacho mkononi ni Sheria ya Misitu namba 10 ya 1996 na Sheria ya Mazingira ya 2015. Ile ya mazingira ya mwaka 2004 mliyosomeshwa ni ya Tanzania Bara, msiilete huku.

Kwa nini basi tuhangaike na haki za maumbile? Kwa sababu ya swali la nani ameumia. Katika kesi ya kawaida mdai aonyeshe hasara yake: kisima kimeingia chumvi, dema linarudi tupu. Fidia ikilipwa, watu wanagawana na tope linabaki wazi. Katiba ya Ecuador inampa mtu yeyote nafasi ya kudai kwa niaba ya maumbile, na inasema haki ya kurejeshwa hali yake ni mbali na fidia ya watu. Hapo ndipo penye uzito, na ndipo tunapotaka sheria zetu zifike.

Lakini huwezi kudai mti urejeshewe hali yake kama huujui. Shukeni pwani maji yakitoka, pale Chwaka, Kisakasaka au Micheweni, mfuatane na mtu wa kamati ya uhifadhi. Katika aina za mikoko, mchu ukikatwa kisiki huchipua. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao, ukikatwa chini ndiyo basi, unasubiri mche mpya. Kwa hiyo visiki viwili vilivyo jirani ni madhara mawili tofauti, na ripoti inayosema "miti imekatwa" haimsaidii hakimu. Andikeni aina, unene wa kisiki, na kama kuna chipukizi. Mkiona michu imekauka wima bila alama ya panga, msikimbilie kumtafuta mkata kuni. Inameni mtazame mizizi yake ya kupumulia, ile inayochomoza topeni kama vidole. Ikiwa imefukiwa na mchanga, au barabara imeziba mkondo wa maji, mshtakiwa wenu ni mwengine kabisa, na swali la kwanza ni kama tathmini ya athari za mazingira ilifanyika.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni akina mama. Wanaokwenda pwani kutafuta chaza na kombe, na kuokota kuni kavu, ndio wa mwanzo kufukuzwa pindi watu wa mjini wakisikia neno "uhifadhi". Haki ya mikoko isiwe fimbo ya kuwapigia. Ecuador kwenyewe, waliokuwa wakiangamiza mikoko kwa wingi walikuwa wenye mabwawa ya kamba, na jamii za waokota kombe wamekabidhiwa maeneo kwa mikataba ya kuyatunza na kuyatumia. Sisi tunayo mikataba ya aina hiyo baina ya serikali na jamii chini ya sheria ya misitu.

Mkifika kwenye shehia, pigeni hodi kwa sheha kwanza, kisha muombe nakala ya mkataba huo na ramani yake. Usomeni pamoja na kamati, kwa sauti, wanawake wakiwepo. Tazameni mpaka umepita wapi, nani karuhusiwa kuvuna nini, na doria huandikwa kwenye daftari gani. Daftari hilo lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya mvua za masika.