Tazama mwezi kwanza: kwa anayeanza kutembeza wageni kwenye mikoko ya Bagamoyo

Mgeni huanza kwa kuuliza, "Tuondoke saa ngapi?" Usimjibu kabla hujajua mwezi una siku ngapi. Kwenye mikoko, kwenye tope la ufukweni na kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, ratiba inapangwa na maji. Kijana anayejua majina mia ya ndege lakini hajui maji atawatembeza watu mchana kutwa waone tope tupu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, na maji huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati ya hapo ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Kwa pwani hii, siku za bamvua maji hukupwa kabisa kama saa 4 au 5 asubuhi na kujaa saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Kariri hilo, hata simu ikizima hutapotea, ingawa jedwali la maji ni la kutazamwa kila safari.

Asubuhi ya bamvua ni ya kuingia mikokoni kwa miguu. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka, na muwe mmeshaanza kurudi yanapofika mwisho wa kupwa. Wanaonaswa hudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo tu, mtu akajiona ana nafasi. Saa ya tatu na ya nne peke yake huleta karibu nusu ya maji yote. Tena hayaji kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yenu, kwa hiyo njia ya kurudi hufungwa wakati pale mliposimama bado pakavu.

Viatu: raba kuukuu za kufunga kamba, zikazwe. Ndala na yeboyebo hubaki topeni, na mtu akibaki pekupeku atakatwa na chaza walioshika mizizi. Kanyageni karibu na mashina, ambako mizizi imefungamana chini ya tope. Katikati ya kijito ndiko mtu huzama hadi magoti. Akizama, asivute mguu mmoja kwa kuegemea ule mwingine, maana atazidi kushuka. Aegemee nyuma kama anayetaka kukaa, atikise kisigino taratibu mpaka maji yaingie pembeni ya mguu, ndipo auchomoe polepole. Tope hushika kwa kufyonza, na kinacholiachisha ni yale maji yanayoingia. Waambie hivyo kabla hamjaingia, si mtu akiwa ameshaanza kupiga kelele. Maji ya kunywa ni lita 1.5 kwa kila mtu kwa saa 3, na wageni 6 wanamtosha mwongozaji mmoja.

Miti ujifunze kwa kushika. Upande wa baharini ni mlilana, mizizi yake ya kupumulia ni minene na imechongoka. Kandokando ya vijito ni mkoko wenye miguu kama ya buibui na mbegu ndefu ya kijani inayoning'inia kama mkuki. Nyuma yake utakuta muia na mkandaa. Mchu utaujua kwa mizizi myembamba iliyosimama kama penseli na jani lenye weupe upande wa chini. Mwambie mgeni alilambe jani lake: ni chumvi, kwa sababu mti huitoa kwa njia ya majani. Baada ya hapo hutahitaji hotuba ndefu.

Kaa wadogo, wale ambao dume ana gando moja kubwa, hukimbilia mashimoni mkifika. Simameni kimya dakika 5 bila hata kunyoosha mkono, watatoka tena na dume ataanza kupunga gando lake. Ugumu ni kuwanyamazisha wageni kwa dakika 5.

Ndege ni kazi ya alasiri. Maji yakiwa yamekupwa, wako mbali na wanaonekana kama punje. Saa 2 za mwisho za maji kujaa ndizo zako, kwani maji huwasukuma kuja mlipo. Siku ya bamvua fikeni ufukweni saa 8 na nusu mchana. Tope likifunikwa, wengi huruka kwenda kupumzika kwenye matuta ya mashamba ya chumvi, nanyi hamieni huko. Jua nalo litakuwa upande wenu: pwani hii inatazama mashariki, asubuhi kila ndege wa baharini ni kivuli cheusi, alasiri jua liko mgongoni na rangi zinaonekana.

Darubini ya kuanzia ni 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Yenye kukuza mara 10 hutikisika mno mtumbwini. Kabla ya kumpa mgeni, afumbe jicho la kulia na kurekebisha gurudumu la katikati, kisha afumbe la kushoto na kuzungusha pete ya upande wa kulia. Ukiliruka hilo, atakuitikia "nimeona" kwa adabu tu.

Kosa la kawaida ni yangeyange wa pwani. Wapo weupe, wapo wa kijivu kilichokoza, na ni aina ileile. Wengi humwita yule wa kijivu kulastara, wakidhani ni ndege wa aina nyingine. Sululu ni yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Vitwitwi, ndege wadogo wanaodonoa topeni, wengi wao huja kutoka kaskazini ya mbali, hufika kuanzia Agosti na kuondoka Machi hadi Aprili. Miezi hiyo ya kuondoka wanatafuta mafuta ya safari, hivyo kuwarusha ni kuwamalizia akiba. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja, mmeshasogea mno. Rudini hatua kadhaa.

Kwenye mashamba ya chumvi, omba ruhusa kwa wenyewe na mpite juu ya matuta tu. Mguu wenye tope ukiingia kwenye jaruba linalogandisha, chumvi ya mtu imechafuka. Mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hairuhusiwi kukata hata fito bila kibali. Ukienda Hifadhi ya Taifa ya Saadani, uko kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na matembezi ya miguu ni pamoja na askari mwenye silaha.

Mtoni Ruvu kuna viboko na mamba, na maji yake ya kahawia hayaonyeshi kitu. Ukiona ukingoni mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati, na nyayo za vidole vinne, hiyo ni njia ya kiboko. Msishuke hapo hata kwa picha. Mnapokaribia kona, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili wajue mnakuja, na msikae kati yao na kina kirefu, maana huko ndiko wanakokimbilia wakishtuka. Kiboko aliyezama huweza kukaa chini dakika 5, kwa hiyo hesabu vichwa kabla ya kupita, kisha subiri, uhesabu tena. Saa 11 na nusu jioni muwe mmeshatoka mtoni, hata kama furukombe ndiyo kwanza ametua juu ya mti na wageni wanaomba dakika 10 zaidi.